Raha Ukiigeuza

Binti yangu alipoingia gredi ya tatu, kusoma nyumbani kulikuwa vita. Nilimnunulia kitabu cha hadithi mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara. Akakipekua mpaka mwisho, akakifunga. "Mum, hii kitabu ni ndefu." Nilibembeleza, nikafoka, nikamnyima katuni. Wapi!

Jumamosi moja nilitoka kazini Westlands mchana, nikafika kwetu Kangemi nikamkuta amenuna. Stima zilikuwa zimepotea, televisheni kimya. Alikuwa na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho, aliyekuja kututembelea kutoka Dagoretti. Sijui wazo lilitoka wapi. Nilichukua boksi la mafuta ya kupikia, nikalikatakata, na kwenye kila kipande nikaandika silabi moja kwa kalamu nene. Nikaweka vipande viwili mezani.

"Soma."

"Ka-ta. Kata."

Nikavibadilisha nafasi.

"Ta-ka. Taka!" Akanitazama kana kwamba nimefanya kiinimacho. "Weka ingine!"

Nikaweka "lima", nikaigeuza. Shosho akamwahi: "Mari!"

"Si mari, Shosho. Ni mali."

"Si ndivyo nimesema? Mari."

Ulimi wa Shosho umezoea Kikuyu, na Kikuyu hakina habari na hiyo l. Mtoto akamfundisha, ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno. Shosho akajaribu kwa bidii kabisa, ikatoka "mari" tena, naye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Baadaye binti yangu akataka kupanga mwenyewe. Akaweka "raha". Akaigeuza, midomo ikacheza bila sauti, kisha akaanguka kwenye kochi akishika tumbo.

"Mum! Raha ukigeuza ni hara!"

"Ngai! Mtoto anasema nini?" Shosho akajifunika uso kwa leso, lakini mabega yalikuwa yanatetemeka. Siku hiyo chai ilipoa mezani, hakuna aliyeikumbuka.

Wiki iliyofuata vipande havikumtosha. Akatoa kile kitabu, eti anatafuta maneno ya kugeuza. Nilikuwa napika sukuma wiki, yeye yuko mlangoni akinipigia kelele: "Sana, nasa! Mum, umesikia?" Nikajibu nimesikia. Ikaja nyingine, na nyingine. Halafu akanyamaza. Nikadhani ametoka kwenda kucheza, nikachungulia. Alikuwa pale pale, kidole kikitembea chini ya mistari.

"Mbona umeacha kugeuza?"

"Ngoja kwanza, Mum. Fisi ameingia kwa nyumba ya mbuzi na mbuzi hajui."

Nikarudi jikoni polepole, nikapunguza moto nisimsumbue kwa harufu ya chakula. Nilisimama nikikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, nikimsikiliza akisoma kwa sauti ya chini, akikwama, akirudia, akiendelea.