Kiungulia cha Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu chini, Vestina huweka kiganja kifuani na kusikiliza. Akiridhika kwamba moyo bado unapiga, hujifunga kitenge na kwenda kuchochea moto.

Bintiye Dorcas aliiona tabia hiyo aliporudi Mabamba kujifungua mtoto wa kwanza. Vestina alimpikia uji, akamkanda kwa maji ya moto, akamfulia. Jambo moja tu hakulifanya: kumbeba mjukuu mgongoni. Kifua chake kilikuwa kikiwaka moto, na hospitalini Kibondo waliposema moyo ni mzima, hakuwasadiki. "Nikidondoka naye je?" alimwambia jirani. Dorcas aliyasikia hayo, na tangu hapo hakuthubutu kumwomba.

Redio ilipotangaza kwamba madaktari bingwa wanakuja Kasulu, Dorcas alimchukua mama yake na mtoto, wakafikia huko Kasulu, nyumbani kwake na mumewe, Ndayisaba. Vestina hakuwahi kukanyaga pale.

Hospitalini, muuguzi Shadia, binti wa Tanga, alimpitishia mrija mwembamba puani hadi kwenye koo la chakula, akauunganisha na kifaa cha kuvaa kiunoni.

"Mrija huu unahisi tindikali ikipanda kutoka tumboni, mama. Kifua kikiwaka, bonyeza kitufe hiki, tuone kama viwili hivyo vinakwenda pamoja. Kula na lala kama siku zote."

Kesho yake Vestina alirudi akitabasamu. Kifua kilikuwa kimetulia kabisa. Shadia aliangalia kompyuta, akakuna kichwa.

"Jana ulikula nini?"

"Maji. Na kipande cha kiazi, njiani."

"Mrija ulikukera?"

Vestina akainamisha macho. "Nimefikia kwa mkwe."

Shadia hakuelewa. Dorcas alielewa, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kwao, mama mkwe hali chakula nyumbani kwa mume wa bintiye mpaka mkwe amkaribishe kwa zawadi. Dorcas mwenyewe, alipoona sahani zinarudi zimejaa, alidhani ni mrija.

"Basi tumepima adabu, hatujapima kifua," Shadia alisema. "Tunarudia."

Jioni ile Ndayisaba aliingia na jogoo kwapani na kitenge cha njano. Akakitoa kwa mikono miwili.

"Mama, hapa ni kwako. Karibu ule, na uungue vizuri."

"Mkwe gani huyu ananiombea kiungulia?" Vestina alisema, lakini kitenge alikwisha kukikumbatia. Majirani wakapiga vigelegele.

Alikula kama mtu aliyetoka shambani: ugali wa muhogo, jogoo aliyeogelea kwenye mawese, pilipili juu. Kisha, kama afanyavyo kwake, akajinyoosha chali mkekani. Haukupita muda akakunja uso.

"Inakuja hiyo."

Akabonyeza. Ndayisaba akapiga makofi. Akabonyeza tena, na tena, huku akicheka na kusonya kwa pamoja. Dorcas hakuwahi kuona mtu akiyashangilia maumivu yake namna ile.

Hospitalini Shadia aliwageuzia kompyuta. Kila alama ya kitufe ilikuwa imefuata nyuma ya tindikali iliyopanda.

"Ni tindikali, mama. Moyo ulishapimwa, na kinachokuunguza ni hiki. Daktari amekuandikia dawa. Ukishakula usilale papo hapo, na pilipili punguza."

"Na mawese?"

"Kidogo."

"Kidogo ya Tanga au ya Mabamba?"

Shadia akashindwa kujizuia, akacheka hadi akafuta macho.

Nje, kwenye benchi la kusubiri dawa, mtoto alianza kulia. Dorcas alimbembeleza, kisha akauliza lile alilolibeba tangu siku ya kujifungua.

"Mama, utambeba?"

Kiganja cha Vestina kilipanda kifuani chenyewe, kwa mazoea. Akakitazama, akakishusha.

"Nitambeba," alisema. "Nipe kile kitenge."