Poda Kabla ya Aya ya Nne

Ninasoma polepole. Niliacha shule baada ya darasa la sita, ambalo kwetu ndilo mwisho wa shule ya msingi, na mpaka leo siwezi kusoma bila kuweka kidole chini ya mstari. Kwenye kituo cha ufundi wenzangu wakipewa karatasi wanaitazama juu juu, wanasaini, wanarudisha. Mimi karatasi ya msaada wa masomo niliomba kwenda nayo nyumbani, nikaisoma siku tatu. Ndiyo maana nyumbani kwetu mimi peke yangu nilijua aya ya nne inasema nini, na ndiyo maana kosa lote lilikuwa langu.

Kituo hicho kiko Kolwezi, mji wetu wa migodi. Kinapokea hata sisi wenye cheti cha shule ya msingi tu, na mimi kinanifundisha bobinaji: unapokea mota iliyoungua, ya pampu au ya kinu cha unga, unatoa waya za shaba zilizoharibika, unakunja nyingine mpya mahali pake. Masomo ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza nililipiwa na mfuko wa parokia yetu. Mwaka wa pili ungelipwa pia, lakini kwa sharti. Kituo kinampandisha mwanafunzi aliyepata hamsini kwa mia. Mfuko wa parokia unataka sitini, na aya ya nne inaongeza: katika kila somo, bila kubakiza hata moja. Anayekosa anaruhusiwa kurudia mtihani mwezi wa nane, mara moja. Akikosa tena, nafasi yake inapewa mwingine.

Waya hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni somo linaloitwa maelezo ya kazi. Unasimama mbele ya walimu watatu, mikono nyuma, na unaeleza kwa mdomo, kama unayezungumza na mteja, mota yake iliungua kwa nini na wewe utafanya nini. Kwangu mimi walimu watatu ni watu wengi. Waliniuliza mota imeharibika wapi, nikanyoosha kidole. Waliniuliza nitaanza na nini, nikanyoosha kidole upande mwingine. Mwalimu wetu wa bobinaji, mtu mnene na mpole, alivua miwani.

“Na kama mteja anakupigia simu,” akasema, “ile kidole utainyoosha wapi?”

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hicho kicheko ndicho kilichokuwa jibu langu refu kuliko yote siku ile. Wakanipa hamsini na mbili.

Matokeo yalibandikwa mlangoni mwezi wa saba. Mama alikuja pamoja na jirani yetu, mama mmoja wa asili ya Kasai ambaye mume wake ni karani mgodini. Jirani alikuwa na mtoto mgongoni, na ndani ya mfuko wake alikuwa na kopo la poda ya mtoto huyo. Kwetu anayefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, halafu anapelekwa nyumbani hivyohivyo ili mtaa wote umwone. Kwa kawaida ni poda ya wale wanaomaliza sekondari. Mimi sikufika huko, kwa hiyo mama alikuwa ameitunza moyoni poda ya miaka mingi.

Jirani alipitisha macho kwenye orodha. “Ni huyu hapa. Amepita.”

“Amepita kabisa?” mama akauliza.

“Mama, mukanda, hii karatasi, haina nusu ya kupita.”

Nilifungua mdomo niseme aya ya nne. Poda ikaingia mdomoni.

Nilikohoa, na wote wakaona nimezidiwa na furaha. Kopo zima liliisha kwangu. Halafu tukapanda pikipiki, mimi katikati, mama nyuma yangu akipunga kitenge chake kwa kila tuliyempita, mpaka Musonoi, mtaani kwetu. Ilikuwa kiangazi, na malori ya migodi yalikuwa yanatimua vumbi jekundu njia nzima. Niliondoka mjini mweupe, nikafika nyumbani na rangi ya nyama iliyooshwa. Watoto wa mtaa walinifuata wakiniuliza ni mtihani gani unaomfanya mtu awe hivyo.

Kisha ikaja habari ya kuku. Mama alikuwa na kuku mmoja mwenye kutaga. Nilimwona anavyomtazama. Neno moja tu lingetosha, na kuku yule angekuwa anataga mpaka leo. Nilisimama karibu na jiko nikilipanga neno hilo, nikalipanga vizuri, nikalipanga tena, na nilipokuwa tayari mama alikuwa tayari anang'oa manyoya. Wageni walikula bukari, ugali wetu, na kuku, wakanisifu kwamba kusoma hakukunipa kiburi, kwa sababu sikusema lolote.

Ukweli ulitoka Jumapili, baada ya misa. Katibu wa mfuko wa parokia, mzee anayetembea na mafaili hata kanisani, alimsimamisha mama penye ngazi.

“Mama, huyu mutoto anarudia lini?”

“Anarudia nini, tata? Amepita. Poda tulishamwaga.”

“Mwaka amepita. Ile moja ya kusema, hapana. Asipoipata mwezi wa nane, mwaka kesho hatutamulipia.”

Mama alimshukuru kwa heshima. Aliniuliza tulipofika kwenye njia yetu, karibu na uzio wa shimo la mgodi.

“Ulijua?”

“Ndiyo, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kusaini.”

Alitembea hatua kadhaa. “Na kuku?”

Nilianza kuhesabu nguzo za uzio.

Mama anauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba. Bila msaada ule hakuna njia nyingine ya mwaka wa pili, na anayeondoka katikati haondoki na cheti, anaondoka na mikono yenye alama za waya tu. Sisi wote tulijua hivyo. Kesho yake mama aliweka kiti cha plastiki kando ya magunia na kutangaza sheria mpya: mteja yeyote anayetaka makala ananisikiliza kwanza nikieleza mota.

Siku ya kwanza wateja wawili walikwenda kununua kwa muuzaji wa mbali. Wa tatu, mzee wa kuchimba mwenye haraka, alikaa. Nilitazama miguu yangu. Alingoja, akamgeukia mama.

“Huyu ni bubu?”

“Hapana, tata. Ni fundi.”

“Basi anipimie makala kimya kimya.”

Jirani naye alijiteua kuwa hakimu, kwa sababu, alisema, ana haki: poda ilikuwa ya mtoto wake, na sasa mtoto ana vipele shingoni. Alikaa na mtoto magotini, wote wawili wakinitazama. Nikianza kwa sauti ndogo, mtoto analia.

“Jury imekataa,” jirani anasema. “Anza tena.”

Siku moja nilifika mbali sana, mpaka kwenye karatasi ya kuzuia umeme usiguse chuma, na hapohapo wakapiga baruti mgodini. Ardhi ikatikisika, bati zikalia, mtoto akanyamaza kwa mshangao. Jirani akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu anazungumza na baruti inamjibu.

Wiki mbili zikapita hivyo. Nilikuwa nimepata sentensi nne. Jioni moja jirani alileta mota ndogo ya pampu yao, imeungua, inanuka. Alisema hakuileta kwa ajili ya somo langu, aliileta kwa sababu hawana maji. Nikakaa chini nikaifungua. Katika kazi yetu, kabla ya kukata waya ya zamani lazima uhesabu mizunguko yake, mmoja mmoja, na uandike. Ukikosea hesabu, mota mpya itaungua kama ya kwanza. Mafundi wenye haraka wanakadiria. Mimi sijui kukadiria. Nilikuwa nahesabu, macho kwenye shaba, na jirani akauliza ninafanya nini. Nikamwambia. Akauliza kwa nini nisikate tu. Nikamwambia hilo pia, bila kuinua kichwa, nikaendelea na kumwambia maji yaliingia wapi, varnish ya kukinga waya ilipasuka wapi, na kwamba mume wake aache kuifunika pampu na gunia bichi.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama na kipimo cha makala mkononi, na wateja watatu nyuma yake. Nikanyamaza mara moja.

“Rudisha macho chini,” mama akasema. “Ulikuwa unaenda muzuri.”

Kwa hiyo nilijua dawa yangu: macho chini, mota mikononi. Lakini dawa hiyo ilikuwa na ubaya wake: mtihani ni mikono nyuma. Ili nipewe mota ningepaswa kuomba, na kuomba ni kusema mbele ya watu, jambo lilelile nililokuwa nakwepa. Siku ya kurudia nilitembea toka Musonoi kwa miguu ili sentensi moja ikae vizuri mdomoni. Niliisema kwa mawe, nikaisema kwa nguzo za umeme. Mwenye pikipiki mmoja alisimama akidhani namwita.

Walimu walikuwa walewale watatu. Mwalimu mnene alikunja mikono yake juu ya tumbo, kama mtu anayejua kinachokuja.

“Tata,” nikasema, “ninaomba nishike mota.”

Wakatazamana. Mmoja alisema sheria ni mikono nyuma. Mwalimu mnene akasema, “Mwaka mzima sijasikia huyu anaomba kitu. Mupe.”

Wakanipa. Nikakaa chini sakafuni nayo, kama nyumbani, nikaanza kuhesabu na kueleza. Nilieleza mzunguko baada ya mzunguko. Baada ya muda mmoja wao aliangalia saa. Baada ya muda mwingine mwalimu mnene akasema wameelewa, inatosha. Nikamjibu kwamba bado, ukikata hapa kabla hujamaliza kuhesabu mota ya mteja itaungua tena, na nikaendelea. Wakanipa sitini na nane. Mwalimu mnene alisema ingekuwa zaidi kama ningejua kunyamaza.

Barua ya mfuko wa parokia ilikuja wiki iliyofuata. Jirani alikuwa tayari uani na kopo jipya, na akasema waziwazi kwamba safari hii ni nusu tu, nusu ni ya shingo ya mtoto. Watu wachache walikuwa wamekusanyika. Kuku hakuwepo.

Mama alimshika jirani mkono. “Bado. Asome kwanza. Yote.”

“Kwa sauti?”

“Kwa sauti. Na aya ya ine asome mara mbili.”

Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, nikasoma. Ilichukua muda. Watu walihamia kivulini wakifuata ukuta, na hakuna aliyeondoka. Aya ya nne niliisoma mara mbili: masharti yametimizwa, mwaka wa pili utalipwa. Mama alifumba macho, lakini mkono wa jirani hakuuachia. Nikafika aya ya tano, fupi, ambayo mwaka uliopita haikuwepo. Ilisema kwamba mwenye kupewa msaada atasimama Jumapili ijayo mbele ya waumini wote na kutoa neno la shukrani.

Kwa sauti niliisoma mpaka “mwenye kupewa msaada”, mengine kwa macho tu. Kidole kikasimama.

“Imeisha?” mama akauliza.

Kabla sijajibu, akamwachia jirani mkono, na poda ikashuka. Ilikuja wakati mzuri, kwa sababu hakuna aliyeona uso wangu ulikuwa na rangi gani chini yake.