Mbuzi wa Uzazi Wangu

Mbuzi akilia nyuma ya ukuta, kifua changu kinabana. Mtoto wangu yuko darasa la pili, ameacha kunyonya zamani, lakini jirani akileta mbuzi wa Krismasi hapa mtaani kwetu Moshi, maziwa nisiyokuwa nayo yanataka kushuka, na mikono inaanza kumtafuta mtoto. Watu wakiniuliza kwa nini sili nyama nawajibu kwamba ni tumbo. Tumbo wanalielewa. Mchaga asiyekula nyama ni mtu wa kuombewa, na mimi nimeshaombewa mara tatu, mojawapo kwenye sherehe ya kipaimara, mbele ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, amesimamishwa mezani na majani mdomoni. Nilifumba macho nikaitikia amina, kwa sababu kusema ukweli mbele ya ndafu kulinishinda.

Mtu asidhani nilizaliwa na huruma. Nilikuwa mlaji hasa. Nilikuwa nauza katika duka la vitambaa la familia ya Kihindi pale mjini, na mke wa tajiri hakugusa nyama wala yai. Mimi na mwenzangu tulimcheka kila mchana tukinyofoa mbavu zetu, tukinong'ona kwamba ndiyo maana ana mikono kama vijiti. Alikuwa anatusikia. Alitabasamu tu, akafunga kikopo chake cha dengu na kurudi kwenye vitambaa vyake.

Mimba ilipotimiza miezi minane, mume wangu alinipandisha mlimani kwao Mwika nikalelewe na mama yake, yeye akarudi mjini kazini. Kwetu mzazi anatunzwa kwelikweli. Anakaa ndani miezi mitatu, hapiki, hafui, hachoti maji, na analishwa mtori wa nyama, ule uji mzito wa ndizi, supu na mlaso mpaka mashavu yajae. Mlaso ni damu ya mbuzi inayokorogwa na maziwa na mafuta, ikapikwa mpaka ikashikana, na bibi zetu waliamini kwamba ndiyo inayoleta maziwa ya mama. Mzazi akitoka mwembamba, anayesemwa kijiji kizima ni mama mkwe.

Mama mkwe wangu hakuwa tayari kusemwa. Alikwenda mwenyewe mnadani Tarakea, akarudi na mbuzi jike wa kahawia, mnene, anayetembea kwa maringo. Mama huyu alikuwa na sifa ya mikono. Wanawake wenzake walimchukua mnadani awashikie mbuzi: anabonyeza kiuno, anapitisha vidole chini ya mbavu, kisha anakwambia huyu ana mafuta, huyu amejaa maji tu.

"Huyu ni tasa," aliniambia, akimpigapiga ubavuni. "Tasa ndiye mwenye mafuta. Ni wako, mama. Umlishe mwenyewe kwa mkono wako."

Nikamlisha. Banda lake lilikuwa limeegemea ukuta wa mbao wa chumba changu, na kwa kuwa mbuzi wa ndani hatoki, kila kitu analetewa. Asubuhi na mchana nilimpelekea majani ya migomba na maganda ya ndizi, tumbo langu limetangulia mbele. Tulitazamana wanene wawili. Wewe subiri tu, nilimtania, utanijua.

Nilijifungua hospitali mjini, salama, mtoto wa kike, na siku ya pili tukarudi Mwika. Mtoto hakujua bado kushika ziwa na maziwa hayakuwa yameshuka. Siku ya tatu mbuzi akalia nyuma ya ukuta kudai majani, maana sasa alikuwa analishwa na watu wengine na walikuwa wanamchelewesha. Gauni langu likalowa kifuani. Nilidhani nimejimwagia chai. Akalia tena, yakashuka tena. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kitandani.

"Mwenzio anakuita!" alisema.

Ikawa ndiyo saa yetu. Mbuzi analia, mtoto ananyonya. Nilikuwa mzazi wa juzi tu, nina usingizi na maumivu, nikaona ni jambo la kuchekesha na la kawaida.

Siku ya tano asubuhi nilisikia kamba ikifunguliwa na kwato zikikwaruza sakafu ya banda. Alilia mara moja, kwa sauti ndefu, na maziwa yakashuka kama kawaida, yakamlowesha mtoto usoni. Kisha kimya. Nilikaa pale nikisubiri alie tena, kama mjinga. Baada ya muda nikasikia wanaume wakicheka kitu huko nje, sauti ya mama mkwe ikakata kicheko chao, na kimya kikarudi. Sikujali.

Na nilikula. Sitajisingizia utakatifu. Mlaso uliletwa wa moto, nikamaliza bakuli, nikaomba supu. Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama, hakusema neno, nami nikadhani anafurahi.

Alasiri mtoto alinyonya akaachia, akanyonya akaachia, uso ukawa mwekundu kwa hasira. Nilikamua kwa vidole, likatoka tone moja. Kesho yake hata hilo tone lilikuwa la kubembelezwa. Nyuma ya ukuta hapakuwa na sauti yoyote, na nakiri nilianza kutega sikio. Mwili wangu ulikuwa unangoja kuitwa na aliyekuwa anauita nimemla.

Wazo hilo likinijia nalifukuza. Mimi ni mtu niliyesoma, najua maziwa hayatoki bandani. Lakini woga haukuuliza nimesoma mpaka wapi. Mtoto alilia siku mbili, kisha akaanza kuchoka kulia, akawa analala tu mdomo wazi, na hapo ndipo nilipoogopa kiasi cha meno kugongana mchana kweupe. Kliniki ya pale juu walimpima. Muuguzi akatazama kadi, akatazama mizani, akasema uzito umeshuka, tumrudishe baada ya wiki. Asipoongezeka atapelekwa mjini kulazwa. Tulipofika nyumbani mama mkwe alikwenda moja kwa moja jikoni na kunichemshia nyama.

Kadiri mtoto alivyokonda, ndivyo bakuli lilivyojaa. Nami nilianza kutapika. Harufu ya mafuta ikiingia mlangoni tu, najifunika pua kwa khanga. Nikila, natapika. Nisipokula, maziwa yatatoka wapi? Kila mtu niliyemjua tangu utoto aliniambia mzazi bila nyama hana maziwa. Nilimwangalia mtoto wangu nikaona namuua kwa upande wowote nitakaogeukia.

Siku hizo mke wa tajiri alinipigia simu kunipongeza. Nilijifunika shuka kichwani nikamnong'oneza yote, huku nikikumbuka vile tulivyomcheka.

"Sikia, dada," alisema. "Mimi sijala nyama tangu nimezaliwa. Nimenyonyesha watoto watatu, na umewaona walivyo wanene. Kunywa maji mengi, kunywa maziwa, kula dengu, kula maharage. Mweke mtoto ziwani kila akiamka, hata kama unaona halina kitu. Na ulale. Usipolala utaharibikiwa."

Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine iliendelea kutetemeka. Lakini kuanzia siku hiyo nilianza kuiba. Naletewa bakuli, mama mkwe akitoka naliweka chini ya khanga, najifanya nakwenda chooni, nashuka kihambani, shamba letu la nyumbani, mpaka chini kwenye migomba mizito na kummwagia mbwa. Kisha najaza tumbo kwa maji na ndizi za kuchemsha zilizobaki. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nane na naiba kutokula.

Siku ya tatu ya wizi wangu niliona kile kitu.

Kitovu cha mtoto kilikuwa kimedondoka siku chache nyuma, na mama mkwe alikizika chini ya mgomba mchanga wa mshare, kama ilivyo desturi, ili mgomba ule uwe wa mtoto. Nilimwona kutoka dirishani akishuka nacho. Sasa, hatua moja tu kutoka kwenye kile kishimo, upande wa pili wa shina lile lile, palikuwa na kishimo kingine, kipana zaidi, udongo umeshindiliwa kwa kiganja. Na kwenye shina la mgomba palikuwa pamefungwa jani la sale, limepigwa fundo.

Kila aliyekulia mlimani anajua sale. Ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani hilo, naye hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nani amekosewa kwenye kitovu cha mwanangu? Amefanyiwa nini mtoto wangu mpaka mtu aje kuomba radhi kwa siri? Nikaunganisha kila kitu: kicheko cha wanaume kilichokatwa, ukimya wa mama mlangoni, maziwa yaliyokauka siku ile ile. Niliacha bakuli pale pale kwa mbwa, nikapanda nyumbani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavaa viatu. Nilitaka kufika barabarani kabla mama mkwe hajarudi kutoka kukata majani.

Alinikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na mtoto hajamaliza hata mwezi?"

"Shikamoo, mama," nilisema. Mdomo ulitoa salamu wenyewe, kwa mazoea. Halafu nikapiga kelele: "Umezika nini kwenye kitovu cha mwanangu?"

Alishusha mzigo wa majani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Hakuwa tasa," alisema.

"Nani?" niliuliza.

"Yule mbuzi. Nilimshika Tarakea nikasema ni mafuta. Yalikuwa si mafuta. Kilikuwa kitoto, kinaenea kiganjani, hakijaota hata manyoya. Wanaume wakacheka mikono yangu. Wakasema kitupiwe mbwa." Alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nina mjukuu wa siku tano ndani ya nyumba. Nimtoe mwenzangu mtoto tumboni, halafu nimpe mbwa? Ruwa, Mungu wetu, angenitazamaje? Nikakizika. Kitovu kilipodondoka nikasema basi vikae pamoja, nikamfungia sale mama yake. Kwako nilishindwa kusema. Ulikuwa unakula vizuri."

Nilikaa chini pale kizingitini na viatu vyangu. Nilitapika maji matupu, hapakuwa na kitu kingine. Alinishika paji la uso mpaka nikamaliza.

"Najua huli tena," alisema. "Mbwa amenenepa."

Kama isingekuwa siku ile, ningecheka.

"Naogopa, mama mtoto," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Nikikuacha bila nyama mtoto akatushinda, watasema nimemuua. Nikikulazimisha, naona macho ya yule mbuzi. Sijui nifanye nini."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima wa rika lake akisema anaogopa. Niliogopa zaidi, kwa sababu mpaka dakika ile nilidhani angalau mmoja wetu anajua anachofanya. Nilimweleza habari za mke wa tajiri, dengu na maharage na watoto watatu. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Kisha aliingia jikoni, akachukua sufuria ya nyama, akaisugua kwa majivu na mchanga, mara tatu, na kunipikia mtori mtupu wa ndizi na maziwa. Tulisali kabla sijala, kwa muda mrefu kuliko chakula kile kilivyostahili.

Zilibaki siku nne kurudi kliniki. Sitaki kuzikumbuka moja moja. Nilikunywa maji mpaka nikachoka, nikamweka mtoto ziwani kila alipofumbua jicho, na mama mkwe alikaa mlangoni akinizuia nisiinuke. Siku ya pili nilimsikia mtoto akimeza. Niliogopa kufurahi, nikamwambia mama asiseme kwa sauti. Jirani walipokuja kumwona mzazi, mama aliweka mfupa mkavu pembeni ya bakuli langu la maharage ili waone nimekula nyama. Mfupa ule ule aliutumia miezi mitatu.

Kliniki, mtoto alining'inizwa kwenye mizani na ile kaptula yao ya kitambaa. Muuguzi akasoma, akasema ameongezeka. Mama mkwe akamwambia apime tena. Akapima tena. Mama akamshika mkono, akasema tafadhali, mara moja tu ya mwisho.

Sijui maziwa yalirudishwa na nini, maji au dengu au ule usingizi, na sitamwambia mzazi yeyote aache anachopewa na mama yake. Ninachojua ni kwamba mimi nyama haijapita kooni tena. Naiogopa kama mtu anavyoogopa maji yaliyowahi kumzamisha.

Mwaka uliofuata mtoto alikuwa anatembea, bado ananyonya kidogo kidogo anapotaka kulala. Mama mkwe alishuka Moshi na mkungu wa mshare, ameufunga vizuri kwa majani makavu. Aliuweka jikoni kwangu taratibu.

"Mgomba wa mtoto umezaa," alisema.

Nilitazama zile ndizi, nene, zimejaa. Nilijua mizizi yake imepita wapi.

"Ni ule?"

"Ule ule."

Alizimenya mwenyewe, akapika mtori wa maziwa, akampa mtoto kwanza. Mtoto alikula, akadai tena. Mimi nilishika kijiko, nikakirudisha mezani. Mama hakunihimiza. Alinisogezea bakuli tu.

"Mwenzio amekuletea," alisema.

Nikala. Sikutapika. Kabla sijafika nusu ya bakuli, gauni langu likalowa.