Kikohozi cha Mzee Metui

Clara alizaliwa na haraka zake. Mama yake, Mchaga aliyehamia Karatu, alikuwa na duka la vipuri kando ya barabara kuu, na humo ndimo mtoto alimojifunzia kuongea. Dereva wa watalii anaingia, gari linaunguruma nje, "Mama, mkanda wa feni!", analipa, katoweka. Akitokea wa kuanza hadithi, mama anamkata: "Baba, sema unachotaka, nyuma yako wapo wengine." Basi binti akakua na mdomo kama cherehani. Ukiweka koma yeye keshaweka nukta.

Aliposomea uuguzi na kupangiwa zahanati ndogo upande wa Piyaya, huko Umaasaini, mdomo huo alikwenda nao. Muuguzi ni yeye peke yake, foleni inaanza alfajiri, na kila mzee wa Kimaasai anayeingia anataka kwanza kutoa habari. Tena habari zenyewe si "nzuri" halafu basi, aka! Anaanza na mvua, aje kwenye majani, ahamie kwa ng'ombe, aeleze njia aliyopita na aliokutana nao. Nyumbani kwake anafika mwisho kabisa. Anayesikiliza kazi yake ni kuitika "ee" kila msemaji anapotua, wala hadakii. Clara alidakia. "Baba yangu, mvua nitaiona mwenyewe. Unaumwa wapi?" Vijana kwenye benchi walicheka, naye akajiona hodari.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, akaingia Mzee Metui, vumbi limempanda hadi magotini. Akaketi, akalaza fimbo mapajani.

"Kwetu mvua imenyesha kidogo," akasema, kisha akakohoa. "Majani yameanza kuota."

"Shikamoo, baba. Hicho kikohozi kina siku ngapi?"

Mzee akamtazama. "Kikohozi? Siku tatu. Lakini sijamaliza ha..."

"Utanimalizia siku nyingine." Alikuwa keshamsikiliza kifua, keshafunga dawa kwenye karatasi. "Moja asubuhi, moja jioni. Anayefuata!"

Mzee Metui alisimama pale kidogo, karatasi mkononi. Kisha akatoka.

Saa sita Tajewo akarudi. Huyu ndiye mhudumu wa zahanati, Mmaasai mwenyeji wa kijiji cha Arash, na alikuwa amekwenda kuchota maji kwa pikipiki.

"Sista, nimekutana na Mzee Metui anarudi kwake. Kuna nini nyumbani?"

"Kuna kikohozi. Nimempa dawa."

"Habari zake zilifika wapi?"

"Nitajuaje? Kwenye majani huko."

Tajewo akatua dumu. "Hata kwa ng'ombe hakufika?"

"Tajewo, nina foleni mie!"

"Sista, mzee yule hawezi kutembea njia yote ile kwa ajili ya kikohozi. Kwetu baya halitangulii. Na likiwa jambo la wanawake, ndiyo kabisa atalizunguka mpaka alifikie. Umemkata kabla hajafika nyumbani."

Ndipo Clara akakumbuka. Naserian! Mke wa mwana wa Metui, binti mdogo, mimba ya kwanza, na mwezi huu hakuonekana kliniki. Akanyakua mkoba wa kuzalishia, akapanda nyuma ya pikipiki, foleni akaiacha inamtolea macho.

Walimkuta mzee ameketi kwenye jiwe, anapumzika. Clara aliruka kabla pikipiki haijasimama. "Baba! Naserian ana nini? Sema haraka!"

Mzee akageuza uso upande wa pili. Mtu uliyemfukuza asubuhi humrudishi mchana kwa kumpigia kelele.

"Kaa chini, sista," Tajewo akanong'ona. "Muombe habari."

Clara akakaa mavumbini. "Nisamehe, baba. Habari za kwenu?"

Mzee naye alikuwa na haraka, ilionekana wazi. Mvua aliipunguza, majani akayafupisha, lakini kuruka hakuruka.

"Ng'ombe wazima."

"Ee," Clara akaitika, goti linamcheza.

"Vijana wako mbali na mifugo. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Ee." Akauma ulimi, kweli kabisa akauuma.

"Nyumbani tumeamka salama. Isipokuwa mke wa mwanangu. Ana uchungu tangu jana asubuhi, na leo akina mama wameona damu."

Saa saba mchana. Mzee alikuwa ameingia zahanati saa tatu. Masaa manne, jamani! Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wa Clara uliponza kichwa cha mwingine.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tajewo alimfikisha Clara bomani, kisha akapanda kilimani kutafuta mtandao na kuita gari la wagonjwa. Clara alimtundikia Naserian maji, akamshika mkono, akamwambia jikaze mwanangu, na moyoni akijua kwamba mapigo ya mtoto anayasikia kwa shida. Gari lilifika saa kumi. Lilikuja na muuguzi wake, Naserian akapakiwa, mzee na mke wake wakapanda naye, Clara akabaki kwenye vumbi la magurudumu.

Halafu kimya. Simu ya Mzee Metui haipatikani. Ya hospitali inaita mpaka inakatika. Siku ya tatu Clara alipanda kilimani mara tano. Siku ya tano alimfokea Tajewo kwa sababu ya ndoo, akamfuata nyuma ya nyumba kumwomba radhi. Kila gari lililopita alilisimamisha: hujasikia habari za Naserian? Hakuna aliyesikia. Aliogopa kujua, akaogopa zaidi kutojua.

Siku ya kumi, asubuhi, Mzee Metui akaingia. Clara alimkagua uso, na uso ule haukumwambia kitu. Mzee akaketi, akalaza fimbo mapajani.

"Shikamoo, baba. Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri. Mvua imeongezeka."

"Ee," Clara akaitika. Yu hai au hayu hai? Mungu wangu, yu hai?

"Majani yamefika hapa." Akaonyesha kwenye kifundo cha mguu.

"Ee."

"Sista, tupo wengi!" mtu akalalamika nje.

"Subirini!"

Ng'ombe walipita mmoja mmoja. Punda akapita. Njia ya hospitali ikaelezwa, korongo kwa korongo. Clara alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, akaitika, akaitika.

"Nyumbani tumeamka salama. Naserian amerudi jana. Anatembea. Anakusalimu."

Asante Mungu! Lilimfika ulimini likitaka kutoka. Lakini mzee hakuwa amemaliza, na safari hii Clara alijua kwamba hajamaliza. Akalimeza.

"Ee."

"Mtoto alikuwa wa kiume. Daktari alisema mngemleta asubuhi. Tumemzika."

Clara hakuitika.

"Hizo ndizo habari," akasema Mzee Metui. Hakuwa na hasira; heri angekuwa nayo. "Sasa wewe, mwanangu. Habari za hapa?"

Ndiyo desturi: aliyesema husikiliza, na aliyesikiliza husema. Zamu ilikuwa ya Clara. Akatafuta neno. Pole lilikuwa fupi mno, nisamehe aliwahi kulisema kule njiani. Cherehani chote kile, leo hakina uzi. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu, na machozi nyuma yake.

Mzee Metui hakumkatiza. Alisubiri mpaka pumzi ile ikatua.

"Ee," akaitika.