Mamba wa Nagua Wazinduka

Saluni ya Eduvigis Polanco, pale Nagua, mji wa pwani wa Jamhuri ya Dominika, ilipakwa kijani cha Mamba, timu ya mji huo, nje na ndani. Hakuna aliyethubutu kumshauri aibadilishe rangi, hata msimu ule ambao Mamba waliburuza mkia katika ligi ya besiboli ya mkoa, wakichapwa na kila timu.

Shemeji yake Fausto, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa shabiki wa Tai, vinara wa ligi. Kila asubuhi alipita saluni kunywa kahawa na kumwaga kejeli.

"Shemeji, hao mamba wako wameng'olewa meno?"

"Wanawamezea mate tu. Njoo Jumapili."

"Jumapili si wanacheza na sisi! Wakitufunga, nakaa hapa mchana kweupe unifunge rola kichwa kizima."

Eduvigis akawageukia wateja waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele. "Mmesikia, wanawake?"

Walisikia.

Wiki hiyo kocha wa Mamba alikuwa ameishiwa warushaji wa mpira. Mmoja mgonjwa, mwingine kagombana naye. Jumapili akamtoa Wilkin, mlinzi wa nyuma kabisa uwanjani, akamweka katikati arushe yeye. Wilkin alikuwa dereva wa pikipiki za abiria, na mashabiki walishazoea kumzomea kwa kudondosha mipira. Kudaka hakujua, kweli. Lakini kurusha! Mpira ulimtoka ukivuma, na wapigaji wa Tai wakabaki kupunga magongo hewani. Mamba wakashinda.

Jumatatu Fausto alijileta mwenyewe. Eduvigis alimwosha kichwa taratibu, akamfunga rola za waridi, kisha akamketisha mlangoni. Pikipiki zilisimama barabarani. Padri aliyekuwa akipita alijifanya anakohoa.

"Zinabana, shemeji."

"Vumilia, mrembo."

Tangu hapo Mamba hawakushikika. Waliokuwa wakimzomea Wilkin sasa waligombania kupanda pikipiki yake. Wengine walinunua kofia za kijani, wakadai ni za zamani. Eduvigis aliwaangalia tu, akaendelea kuchana nywele.

Fainali ikawakutanisha tena na Tai. Mchana kutwa bega la Wilkin lilimuuma, mwishowe akatolewa, na Tai wakaongoza kwa pointi moja. Zamu ya mwisho ya Mamba kupiga ilipofika, wapigaji wao wawili walishatolewa, akitolewa wa tatu mechi imekwisha, na wenzao wawili walikuwa vituoni wakisubiri kukimbia. Akaingia Bienvenido, mdakaji mnene, mzito wa miguu. Watu wakaanza kuelekea mlango wa uwanja.

Eduvigis, aliyeketi na Fausto jukwaani, akapanda juu ya benchi.

"Nani kawaambia mechi imekwisha? Kaeni!"

"Mama, huyo hata kukimbia hawezi!" mtu akamjibu.

"Basi ataupiga mbali."

Bienvenido aliuacha mpira wa kwanza upite. Wa pili aliukosa, nusura aanguke. Wa tatu aliugonga katikati ya gongo, ukapita kati ya walinzi wawili na kubingirika hadi ukutani. Mkimbiaji wa kwanza akafika kituo cha nyumbani, pointi zikawa sawa. Wa pili akaja akiteleza kwa tumbo, vumbi likatanda, na mwamuzi akatandaza mikono: salama! Mamba wakawa mabingwa.

Uwanja ulilipuka. Eduvigis hakuruka. Alishuka benchini, akavua viatu vilivyombana, akamtazama Fausto aliyekaa na kofia yake ya Tai magotini.

"Ulijuaje, shemeji?"

"Sikujua. Mimi ni wa Mamba." Akamshika mkono kumwinua. "Twende nyumbani, nimepika samaki wa nazi. Na njiani umpongeze Wilkin, ulimtukana sana."

"Hilo nalo lazima?"

"Tena kwa sauti."