Kijana Wetu Anajiangusha

Watanzania wawili wakikutana ughaibuni husalimiana. Wakifika watatu, mmoja anakuwa mwenyekiti, wa pili katibu, na wa tatu anaombwa afungue kikao kwa sala. Nasema hivi kwa kejeli kidogo, maana nimelelewa na katibu. Baba yangu alikuwa mwalimu Morogoro. Washington alikuwa mhudumu wa maegesho ya magari, chini ya jengo la ofisi, mahali ambapo mchana na usiku ni taa zile zile, na watu walimkabidhi funguo wakiwa wanaangalia pembeni. Lakini Jumapili, pale kitongojini Oxon Hill tulikoishi, alivaa suti yake ya kijivu akawa Katibu wa Watanzania, na hata Watanzania wenzake wenye magari mazuri walimwita Katibu kwa heshima. Cheo hicho hakikuwa na mshahara. Ndicho tu kilichomwezesha kushuka tena chini ya lile jengo Jumatatu asubuhi.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kidogo upande wa Maryland, na nilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nilikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayepewa mpira kwanza na kuamua upesi amrushie nani, ampe nani, au akimbie nao mwenyewe. Sikutegemewa kucheza mwaka ule. Mwenye nafasi yake aliumia goti mazoezini, kocha akageuka kutazama benchi, na aliyekuwa amekaa pale ni mimi.

Mechi ya kwanza nilivuruga. Niliwarushia wapinzani mpira kana kwamba nimetumwa na kocha wao, tukafungwa vibaya, na ndani ya basi hakuna aliyetaka kukaa na mimi. Ya pili nilitulia kidogo. Ya tatu tukashinda. Kesho yake kocha akaniita ofisini kwake. Alikuwa Mmarekani mweusi, mfupi, sauti imekauka kwa miaka ya kufokea vijana, na hakuwa mtu wa kusifia ovyo.

"Mkono unao," aliniambia. "Macho bado. Ukitaka kumrushia mtu unamkodolea mpaka uwanja mzima unajua. Hilo nitakufundisha. Ila una kitu ambacho wakubwa zako wamenishinda kuwafundisha. Unajua wakati wa kulala."

Alimaanisha hivi. Kwotabeki anapokimbia na mpira, akiona majitu yanamjia, anaruhusiwa kujilaza mwenyewe, akitanguliza miguu. Akishalala, mchezo umesimama, na anayemgusa anaadhibiwa. Si woga, ni sheria, tena ni akili, kwa sababu timu inabaki na mpira na kwotabeki anabaki na mbavu zake. Kocha akasema nikiendelea hivi, hata yule mwenye goti akipona, nafasi ni yangu. Akanipa mkanda wa video wa mechi zile tatu nikajitazame mwenyewe nyumbani. Nilitoka ofisini nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kosa langu lilikuwa kumwambia baba kwamba ninao mkanda.

Jumapili ile kikao kilikuwa sebuleni kwetu. Ajenda ya kwanza ilikuwa msiba wa mwenzetu wa mji wa Columbia, ya pili sherehe ya Uhuru, na ya tatu, kabla ya mengineyo, ilikuwa mimi. Baba aliisoma bila kutabasamu: "Tathmini ya kijana wetu katika mpira." Watu wakavuta viti. Mama yangu, aliyekuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee na hajavua hata sare ya kazi, akasimama mlangoni na sinia la sambusa. Walikuwa wamekuja kwenye mechi zote tatu, hilo lazima niliseme. Walikaa pamoja na makoti yao mazito na chupa za chai ya tangawizi, wakipiga makofi kila walipoona wengine wanapiga. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuja kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu wao mahali fulani penye taa.

Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja aliyesema aliwahi kucheza beki katika timu kubwa ya Dar es Salaam, na kwa kuwa aliyeweza kumkanusha alikuwa ng'ambo ya bahari, tulimwamini. Baba akaweka mkanda. Wakanitazama nikirusha, nikikimbia, wakaguna kwa kuridhika. Kisha mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Simamisha hapo, Katibu."

Picha ikaganda ikitetemeka. Nilikuwa chini, nimetanguliza miguu, na jamaa wa timu pinzani alikuwa hewani juu yangu, akinikwepa.

"Huyu amekugusa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nani amekuangusha?"

"Nimelala mwenyewe, mzee. Nime-slide. Kocha anataka tu-slide, ili tusi-get hurt."

Mwenyekiti akaomba mkanda urudishwe nyuma, kisha usogezwe mbele, na kila mahali nilipolala aliomba usimamishwe. Nilikuwa nimelala mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Unapojitazama hivyo, mbele ya watu waliokubeba mgongoni, unaanza hata wewe kuona kwamba kuna mtu mmoja tu uwanjani anayejilaza, na ni wewe.

"Enzi zetu," mwenyekiti akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "mtu akijiangusha, hata mashabiki wake mwenyewe walimzomea. Kujiangusha ni uongo. Unamhadaa refa."

"Refa anajua, mzee. Ni rule yao."

"Sikia kwanza, mwanangu," akasema mama mmoja. "Wakubwa wanaongea."

Mkenya mmoja aliyeoa kwetu akaona anisaidie. "Kijana ako na mkono poa sana, hiyo hatukatai. Lakini hii kulala-lala, hapana. Inakaa ni kama ameogopa."

"Tunakuja na baridi yote ile," yule mama akaendelea, "tunawaambia watu waliokaa karibu, yule namba saba ni wetu. Halafu wenzake wote wanaangushwa, wetu analala."

Ningeweza kuwaeleza. Nilikuwa na hoja zote, lakini nilikuwa nazo kwa Kiingereza. Niliondoka nyumbani mdogo, na Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuamkia na kuombea chakula. Cha kumjibu mwenyekiti sikuwa nacho. Na hata ningekuwa nacho, kumjibu mtu mzima mara mbili mbele ya baba yako ni kumvua baba yako nguo. Nikamtazama yeye aniokoe. Yeye alikuwa amenisikiliza jikoni mchana ule ule, kabla ya kikao, nikimweleza alichosema kocha, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Alijua.

Baba akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "kama mzazi wa kijana, naomba radhi kwa kikao. Limeonekana, na litarekebishwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikujua kama namwonea aibu yeye, au najionea mimi, au nawaonea wote mle ndani, watu wazima waliokuwa wameninyooshea nyuso za huruma. Nilichojua ni kwamba baba yangu amesimama mbele ya watu pekee waliomheshimu nchini humo, na ameniombea msamaha kwa kitu kisicho kosa. Nikasema, "Nimewasikia. Nashukuru kwa ushauri." Shehe akaomba dua, mchungaji akafunga kwa sala, na wote wawili wakamwomba Mungu anipe ujasiri. Kisha tukala.

Wiki nzima mazoezini nililala kama kawaida, na kila nilipolala nilisikia lile neno, kujiangusha. Nilijiambia kwamba Jumamosi nitafanya kazi yangu na wao watajua wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikidhani mtu anaweza kuwa na baba wawili na kumtii kila mmoja kwa saa zake.

Jumamosi ikafika, na mchezo ulikuwa wetu. Dakika za mwisho tulikuwa mbele kidogo, mpira tunao sisi, na kilichobaki ni kusogea hatua chache, kulala, na kuacha saa iishe. Nikapokea mpira, pembeni pakafunguka, nikakimbia. Hatua nilizotumwa nilizipata, nikazipita. Mbele yangu alikuwa anakuja beki wao mmoja, mpana, hana haraka. Palikuwa ni mahali pa kulala. Hata mtoto angelala. Lakini upande ule ndio uliokuwa na makoti mazito na chupa za chai, na katikati yao niliona baba amesimama, mikono mfukoni, ananiangalia mimi peke yangu.

Sikulala. Niliinamisha bega nikamwingia yule mtu.

Nilisikia kitu kinachomoka begani, na mpira ukaniacha. Nikiwa kifudifudi niliona viatu vya wapinzani vikinipita vikikimbilia upande wetu, vikiwa na mpira, na hakuna wa kuvizuia. Watu wetu wote, wachezaji, wazazi, wanafunzi, walinyamaza kama nyumba iliyozimika umeme. Na katika ukimya ule, kutoka upande mmoja tu, vikapanda vigelegele.

Mama zangu walikuwa wanashangilia. Hawakuwa wameangalia mpira ulikokwenda. Walikuwa wameniangalia mimi, wakaona sikujilaza. Wachezaji wenzangu waligeuka kutafuta ni nani wanaofurahi tukifungwa, wakaona wanawake wamesimama wakipunga kanga juu ya makoti, na mchezaji mmoja akaniuliza, "Wale si watu wako?" Nilifumba macho. Mama yangu mzazi tu ndiye hakupiga kigelegele. Yeye alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, maana kazi yake ilikuwa miili ya watu, na alikuwa ameona bega langu limekaa vibaya.

Kwenye chumba cha matibabu daktari alilirudisha bega mahali pake, akanifunga mkono kifuani. Mama akatoka naye kuulizia dawa. Baba akabaki, amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi. Kocha akaingia. Hakufoka, na ningependa angefoka.

"Msimu wako umekwisha," akasema. "Na nafasi siwezi kukuahidi tena, unaelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Mimi nilikwambia ulale. Kuna mtu alikwambia usilale?"

Kiingereza cha baba kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa amekifundisha. Sikumtazama, lakini nilisikia amevuta pumzi ya mtu anayetaka kuongea, na nikamsubiri. Kocha naye alisubiri. Pumzi ile ilishuka bila neno.

"Hakuna," nikasema. "Niliamua mwenyewe."

"Basi nilikupima vibaya," kocha akasema. "Nilidhani una kichwa." Akamwinamia baba kwa adabu, akampa mkono, akamwambia pole kwa mtoto wake, akatoka.

Ndani ya gari mama alikaa nyuma na mimi, ananishika goti kila gari liliporuka kwenye shimo, na alituangalia kwa zamu bila kuuliza. Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inaita. Baba akaipokea amesimama, na sauti ya mwenyekiti ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi kwenye kochi niliisikia. Alikuwa amefurahi. Alisema kijana amewatoa kimasomaso, kwamba leo Wamarekani wamemwona mwanaume, kwamba Jumapili ijayo ni lazima nipongezwe rasmi mbele ya kikao, Katibu aliweke kwenye ajenda.

"Ndiyo, Mwenyekiti," baba akasema. "Ndiyo. Nitamfikishia."

Akaweka simu. Mama alikuwa ameingia jikoni kunitengenezea uji. Mimi nilikuwa nahangaika kuvua viatu kwa mkono mmoja, nasugua kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine kama mtoto mdogo. Baba akaja akapiga goti mbele yangu kwenye zulia, na suruali yake ile ya kijivu, akaanza kufungua kamba. Sikuwahi kumwona baba yangu amempigia mtu goti. Nilimwambia aache, akaendelea. Zile kamba zilikuwa zimelowa, hazifunguki upesi. Nilikitazama kichwa chake kutoka juu, jinsi nywele zilivyokuwa zimepungua katikati, nikaona nimeangalia kitu nisichopaswa kukiona, nikageuzia uso dirishani.

"Asante, baba," akasema, bila kuinua kichwa.

Nilitamani anigombeze. Nilitamani aniambie kwamba nilikuwa mjinga, kwamba yeye alinipeleka kwa kocha na si kwa mwenyekiti, kwamba ningelala. Alinishukuru, na mimi nikamjibu kama nilivyofundishwa kumjibu mtu mzima.

"Si kitu, baba," nikasema, naye akahamia kiatu cha pili.