Wimbo Niliofuta kwenye Kaseti ya Papa

Kolonya ya chupa ya kijani, ile ambayo vinyozi wa Butembo humwagia mtu shingoni, hainikumbushi kinyozi. Inanikumbusha redio ya Papa. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anachovya pamba ndani ya kolonya, anafungua kile kimlango cha kaseti na kusugua kichwa cha redio polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Pamba ilitoka nyeusi. Alituonyesha.

"Mavumbi ya Beni hii," alisema, ingawa redio yenyewe haikuwahi kutoka Butembo.

Papa alikuwa dereva wa kamyo la Hadji mmoja, mfanyabiashara wa Beni. Alishuka na viazi na kabichi za kwetu kwenye baridi, akafika Beni, akapita mpaka Mutwanga, na akapanda tena na mafuta ya mawese, mchele na ndizi. Safari ilikuwa ya siku nne mvua isipoharibu barabara. Nyumbani alikuwa na kaseti moja tu aliyoipenda. Alipewa mpakani na dereva wa Uganda. Kwenye karatasi ya kasha lake kulikuwa na mzungu wa makamo, kofia pana, gitaa mkononi, amesimama mbele ya lango la shamba lenye ng'ombe. Nyimbo kumi, tano kila upande. Yule Mganda alisema muziki huo unaitwa kantri. Sisi tulimwita mwimbaji Muzee wa Kofia.

Sauti yake ilikuwa nzito na ilipitia puani, na nyuma yake kulikuwa na gitaa moja linalovutwa mpaka unahisi litakatika. Mama, aliyeimba katika korali ya kanisa letu la Kiprotestanti, alisema huyo mzungu anaimba kama mtu aliyenyimwa chakula cha jioni. Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza, lakini Papa alitutafsiria kila kitu bila wasiwasi. Wimbo wa tatu ndio ulikuwa wa safari. Asubuhi ya kuondoka aliuweka akinywa chai, na kwa sababu mimi nililia kila alipovaa viatu, alinieleza upya.

"Sikia, Kavira. Anasema yeye ni shofere, anarudia kwake. Anasema barabara inamujua. Anaambia batoto hapana kulia."

Miaka mingi baadaye nilijifunza Kiingereza, nikautafuta wimbo ule. Hakuna dereva ndani yake, wala watoto. Kuna mtu aliyegombana na ndugu yake juu ya ua wa shamba, akauza ng'ombe, basi. Lakini nilipokuwa na miaka minane niliamini kila neno la Papa, na ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Nilitaka kusikia sauti yangu. Nilikuwa nimemwona mwalimu wa korali akitafuna karatasi na kuziba vitundu viwili vya juu vya kaseti ili redio ikubali kurekodi. Basi siku moja, Papa akiwa safarini, nilitafuna ukurasa wa daftari la hesabu, nikaziba, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikaimba wimbo wa kanisa mpaka pumzi ikaniishia. Niliporudisha nyuma nisikilize, Muzee wa Kofia alianza wimbo wa tatu vizuri, akaimba mistari miwili, halafu "tak!", mimi. Nilikohoa. Jogoo akawika. Mama akaita kutoka nje, "Kavira! Ondoa mihogo kwenye mvua!" Kisha nikaimba tena, mpaka mwisho wa wimbo. Yeye hakuwepo tena.

Niliirudisha kaseti mahali pake. Ilikuwa Jumatano. Papa alipaswa kufika Alhamisi.

Alhamisi hakufika. Ijumaa hakufika. Jumamosi nilipokwenda kuteka maji kwenye robine na bidoni yangu, akina mama walikuwa wanazungumza kwa haraka, na waliponiona wakanyamaza wote kwa pamoja. Mmoja akanijazia bidoni mbele ya foleni bila mimi kuomba. Wema ule ulinitisha kuliko kitu chochote. Jioni hiyo jirani yetu muuza duka, mwenye simu pekee ya mtaa, alikuja kusimama mlangoni na kofia mkononi. Hadji alikuwa amepiga simu. Kulikuwa na risasi kwenye barabara, njia imefungwa. Kamyo lilionekana likitoka Mutwanga, lakini Beni halijafika.

"Bon," Mama alisema. "Aksanti." Akarudi kuchagua mchele, na alichagua mchele ule ule hata baada ya kuisha mawe.

Mimi nilijua kilichotokea. Wimbo ule ndio ulikuwa unamrudisha, na mimi niliufuta. Barabara ilikuwa haimjui tena.

Jumatatu Mama alipotoka kwenda kwa mchungaji, nilichukua redio nikakaa nayo chini, nyuma ya kitanda. Niliamua kuurudisha wimbo. Muziki niliukumbuka, maneno niliyaunda: nilibana pua, nikavuta sauti, nikaimba Kiingereza ambacho hakijawahi kusemwa na mtu duniani. Nilikosea, nikarudisha nyuma, nikaanza tena. Sikumsikia Mama akiingia.

"Unafanya nini na ile redio?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya karatasi ya kutafuna, kitufe chekundu, jogoo. "Njo mimi nilimupoteza Papa," nilisema. "Lakini nitautengeneza. Hapana nichape kwanza. Wacha nimalize."

Mama aliweka mkoba wake chini. Nilingoja kofi. Badala yake alikunja kitenge chake, akakaa kwenye sementi karibu na mimi, magoti yakagusana na yangu. Macho yake yalikuwa mekundu toka Jumamosi, akituambia ni moshi.

"Umeanza chini sana," alisema. "Sauti ya yule Muzee iko juu kidogo. Bonyeza."

Nikabonyeza. Na Mama, aliyekuwa anamsengenya yule mzungu kila siku, aliimba wimbo wa tatu wote bila kukosea mahali pa kupanda wala pa kushuka. Maneno yake yalikuwa ya uongo kama yangu. Alibana pua pia. Tuliimba mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyezima.

Kesho yake, saa sita ya mchana, nilikuwa naanua nguo niliposikia honi kwenye mteremko. Kila kamyo lina honi yake, na ile ya Hadji ilikuwa imepasuka, ilitoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Niliacha nguo zote katika matope.

Lilikuja polepole, na juu ya mizigo kulikuwa na watu, labda ishirini: wanawake na watoto, mzee mmoja aliyekumbatia kuku. Papa alishuka na ndevu za wiki nzima. Alinuka mazuti ya kamyo na jasho. Nilijisukuma tumboni mwake nikavuta harufu ile mpaka kichwa kikazunguka. Mama hakukimbia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kujipepea, na siku hiyo Butembo ilikuwa na baridi ya kuvaa makoti mawili.

"Batu hawa banatembea kwa miguu," Papa alimwambia kabla hajaulizwa. "Baliniomba. Gari ya basoda, ile ya jeshi, ilipita, bakaniambia panda, nafasi ni ya mutu mumoja. Sasa ningewaacha je?"

Alikuwa amengoja nao siku tano katika madarasa ya shule ya kijiji, mpaka njia ikafunguliwa.

"Bashuke bakule," Mama alisema.

Tuliazima chungu kikubwa cha korali. Tulipika maharagwe na viazi, watoto wasiojuana wakagombania uwanja wetu, yule kuku akataga yai chini ya gurudumu, na watu wazima wakacheka juu ya yai lile kupita kiasi, wakipanguzana machozi. Sijawahi kuona nyumba yetu ikiwa na kelele nzuri kama zile.

Jioni, wageni walipopata pa kulala kanisani, niliungama. Papa alisikiliza kaseti akiwa ameshika kikombe. Muzee wa Kofia aliimba mistari yake miwili, kisha tukaingia sisi. Papa aliweka kikombe chini kisimwagike.

"Na huyu wa pili ni nani?" aliuliza. Mama alikuwa ameinamia chungu, anakisugua. Papa alicheka mpaka akalala chali kwenye mkeka, akarudisha nyuma, akacheka tena. Hakuniadhibu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemrudisha. Hakuna aliyenikatalia. Mwaka jana, tukimenya maharagwe na Mama, nilimuuliza kwa nini siku ile hakuniambia tu kwamba kaseti haina nguvu juu ya barabara.

"Ningekuambia, ungeamini?"

"Hapana."

Aliendelea kumenya.

"Mimi nilijua tayari hatarudia nyumbani," alisema. "Nilitoka kwa mchungaji, tulikuwa tumeanza kusema mambo ya kilio. Nikakukuta pale chini. Nikasema, huyu mutoto, kama baba yake amekufa, atakaa na ile kitu ya kaseti peke yake mpaka azeeke. Donc nikakaa, nikaimba na wewe. Wimbo wetu ukishindwa, basi tumeshindwa sisi babili."